Ford F-150 Lightning iliyotumika: inafaa kazi gani, na ukague nini kabla ya kulipa

Desemba 2025 Ford ilitangaza kwamba haitaunda tena pikapu yake ya umeme mtupu, F-150 Lightning. Zilizobaki ni zile zilizo kwenye yadi za wauzaji na zile zilizokwisha tumika, na ndizo tunazozipitia hapa, hasa kwa wasomaji walioko Marekani na Kanada wanaoziona zikitangazwa kila wiki. Jibu letu tunalitoa mapema. Kwa fundi wa mabomba, wa umeme au wa bustani anayezunguka mji mmoja na kulala mahali penye umeme wa volti 240, ni vigumu kupata pikapu ya petroli ya ukubwa huu itakayomhudumia vizuri zaidi. Kwa anayevuta tela refu kutoka jimbo hadi jimbo, aachane nayo hata akiuziwa kwa bei ya kutupa.

Ford haikubuni gari jipya kuanzia chini. Ilichukua F-150 ile ile, kebini ya milango minne na bodi ya futi tano na nusu, ikaondoa injini, giaboksi na tangi, ikalaza betri katikati ya chesesi na kufunga mota mbili, moja mbele na moja nyuma. Nyuma, palipokuwa na ekseli nzima na springi za bapa, pakawekwa saspensheni huru ya springi za koili. Faida yake anaijua anayelipia vifaa: raki za ngazi, masanduku ya zana na vifuniko vya bodi vilivyotengenezwa kwa F-150 ya kawaida, vingi vinaingia bila kuchonga chuma. Chini ya boneti, mahali pa injini, kuna sanduku la lita 400 linalobeba kilo 181, lenye kufuli, soketi na tundu la kutolea maji. Zana zako zinalala humo salama kuliko kwenye bodi. Hasara ni kwamba umbo la tofali lilibaki vilevile, na uzito ukapanda hadi kati ya tani 2.7 na 3.1 likiwa tupu.

Betri kuu ziko za aina mbili. Ndogo ina uniti 98 za kutumia na kubwa uniti 131 (kilowati-saa, uniti ile ile ya LUKU au ya tokeni). Vipimo rasmi vya Marekani vinaipa ndogo kilomita 370 hadi 386 kutegemea mwaka, na kubwa kilomita 515, ingawa Platinum, toleo la kifahari lenye betri hiyo kubwa, ilipewa 483 tu. Vipimo hivyo vinachanganya mji na barabara kuu. Ukishika kilomita 110 kwa saa moja kwa moja, betri kubwa hula takriban uniti 31 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo piga hesabu ya kilomita 420 ukiijaza hadi juu. Baridi kali ya Minnesota au Alberta inaweza kuondoa robo hadi theluthi ya hapo. Pampu ya joto, inayopasha kebini kwa umeme kidogo, ilianza kufungwa kwenye toleo la 2024, kwa hiyo wa 2022 na 2023 wazoee kupasha gari likiwa bado limechomekwa.

Kwenye tela ndipo wengi walipolia. Ukifunga tela refu la kambi lenye paa la juu, ulaji unaweza kufika uniti 62 kwa kilomita 100, yaani umbali unakatika nusu. Sababu kubwa ni upepo, uzito unafuata nyuma. Tela hilo linasukuma ukuta wa hewa njia nzima, na ukiongeza spidi kutoka 95 hadi 110 adhabu inaongezeka upesi. Tela bapa lililobeba mashine ndogo ya kuchimba, hata likiwa zito zaidi, mara nyingi hula kidogo kuliko tela jepesi lenye umbo la sanduku. Sasa weka hesabu ya safari. Hakuna anayesafiri kutoka asilimia 100 hadi sifuri. Unatembea kati ya 80 na 10. Asilimia 70 ya uniti 131 ni 92, na 92 kwa ulaji wa 62 ni kilomita 148. Baada ya hapo unasimama kwa zaidi ya dakika arobaini. Kwa betri ndogo ni kilomita 110. Pikapu ya petroli inayovuta tela hilohilo nayo inakunywa sana, ila inajazwa kwa dakika tano.

Kuchaji haraka nako kuna mambo yake. Kikomo ni takriban kilowati 150, na Ford yenyewe inasema betri kubwa inatoka asilimia 15 hadi 80 kwa dakika 41. Ukivuka 80 mkondo unashuka sana, kwa hiyo kung'ang'ania hadi 100 njiani ni kupoteza muda na kuwaudhi walio nyuma yako. Tangu Februari 2024 pikapu hizi zinaruhusiwa kwenye vituo vya Tesla kwa adapta, lakini waya wa vituo vyake vingi ni mfupi na tundu la Lightning liko kwenye bawa la mbele upande wa dereva, nyuma ya gurudumu. Matokeo yake unaegesha kwa kuzuia nafasi mbili, na ukiwa na tela itabidi ulifungue kwanza. Adapta zenyewe zikague: mwaka 2024 Ford iliwaambia wenye magari waache kutumia baadhi ya adapta za mwanzo kwa sababu zingeweza kupunguza kasi ya chaji na kuharibu tundu, ikatuma nyingine badala yake. Muuzaji aonyeshe ile iliyobadilishwa.

Lakini asilimia kubwa ya chaji yako itakuwa nyumbani, na pesa nyingi hupotea hapo kwa kukosa hesabu. Soketi ya kawaida ya Marekani, volti 120 na ampea 12, inatoa kilowati 1.44. Betri kubwa ikiwa tupu itachukua takriban siku nne. Isahau, labda iwe ya dharura. Chaja ya ampea 48 inatoa kilowati 11.5 na inahitaji breka ya ampea 60, kwa sababu mzigo unaoendelea kwa saa nyingi huzidishwa kwa 1.25. Chaja kubwa ya Ford ni ya ampea 80, kilowati 19.2, na inadai breka ya ampea 100. Betri ndogo ina chaja ya ndani ya kilowati 11.3 tu, kwa hiyo kuifungia ya ampea 80 ni kutupa hela: ukutani itatoka nyingi, ndani itaingia ileile. Hata kwa betri kubwa, muulize muuzaji kama gari lako lina chaja mbili za ndani kabla ya kununua kifaa cha ampea 80. Kwa mtu anayerudi saa moja jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, ampea 48 zinatosha.

Kosa linalojirudia kwa mafundi ni waya. Kebo ya nyumba iliyofunikwa kwa plastiki, namba 6 ya shaba, kisheria inabeba ampea 55, na watu huifunga kwenye breka ya 60 kwa chaja ya 48. Inapata moto usiku kucha. Tumia namba 6 iliyopita ndani ya bomba, au nenda kwenye waya mnene zaidi, namba 4 (namba ikishuka waya unanenepa). Kwa breka ya 100 ni namba 3 ya shaba ndani ya bomba. Ukitaka soketi ya ampea 50 badala ya kufunga moja kwa moja, nunua ya daraja la viwandani. Zile za bei rahisi, zilizokusudiwa jiko la umeme linalowashwa saa moja kwa siku, huyeyuka kwenye mguso wa shaba baada ya miezi ya chaji ndefu. Na kama nyumba nzima ina meni swichi ya ampea 100, fundi afanye hesabu ya mzigo kwanza. Zipo chaja zinazojipunguza zenyewe jiko na hita vikiwaka.

Kitu ambacho F-150 ya petroli ya kawaida haiwezi kukufanyia kwa kiwango hiki ni umeme wa kutoa. Lightning yenye mfumo wa kilowati 9.6 inatoa 7.2 kwenye bodi na kebini na 2.4 chini ya boneti, kupitia soketi 11, moja ikiwa ya volti 240 na ampea 30. Msumeno wa mezani, kompresa, pampu na mashine ndogo ya kuchomelea vinafanya kazi siku nzima bila kelele za jenereta, na ukiondoka saiti umetumia labda uniti 15. Pro, toleo la bei ya chini, ina kilowati 2.4 tu isipokuwa mnunuzi wa kwanza alilipia ziada, kwa hiyo fungua bodi uhesabu soketi mwenyewe.

Kuendesha nyumba umeme ukikatika kuna njia mbili. Ya Ford inahitaji chaja ile ya ampea 80 pamoja na inveta na vifaa vya kubadilisha njia, na gharama ya kufunga huwashangaza wengi. Ya pili ni kuchomeka soketi ya bodi kwenye ingizo la jenereta la nyumba, lenye kizuizi kisichoruhusu umeme wa gari kukutana na wa shirika. Ni rahisi, lakini mara nyingi soketi hukata hapohapo. Sababu: ndani ya gari nyutro na athi vimeunganishwa, kwenye paneli ya nyumba navyo vimeunganishwa, na kinga ya soketi inaona mkondo ukirudi kwa njia mbili. Dawa ni swichi inayobadilisha njia ya waya wa nyutro pia, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Nyumba ya Marekani inayokula uniti 30 kwa siku itaishi siku tatu na zaidi kwa betri kubwa iliyojaa.

Mtego mwingine ni mzigo. Watu husoma kwamba inavuta tani 4.5 na kubeba tani moja, wasijue kwamba tani moja ile ni ya betri ndogo, na tani 4.5 zile ni za betri kubwa yenye kifurushi cha kuvutia. Bila kifurushi hicho, betri kubwa inaishia tani 3.5 na ndogo tani 2.3. Tela la tani 3.5 linalalia ndoano ya kuvutia ya nyuma kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani kilo 350 hadi 525, na kilo hizo zinatoka kwenye uwezo wa kubeba. Ongeza watu wanne na zana. Platinum yenye paa la kioo na viti vya kifahari hufika mwisho mapema. Soma kibandiko kwenye mlango wa dereva, ndicho kinachohusu gari lile hasa.

Kwa nini basi ilisimamishwa? Ford ilipokea maombi karibu 200,000, ikapanga kiwanda cha Dearborn kitoe 150,000 kwa mwaka. Pro ilitangazwa 2021 kwa dola 39,974. Kufikia Machi 2023 ilikuwa 59,974, na Julai mwaka huohuo ikashushwa hadi 49,995. Mteja aliyeweka jina kwa bei ya kwanza alijiona kachezewa. Mwaka 2024 Marekani iliuza 33,510. Tukiulizwa, tatizo halikuwa umeme. Mnunuzi wa pikapu kule hununua kwa ajili ya ile safari moja ya mwaka na tela, hata kama siku nyingine zote anaenda kazini na kurudi. Mshindani wake GM ilijibu kwa betri ya uniti 205 kwenye pikapu yake ya Silverado, na gari likakaribia tani nne. Ram, mshindani mwingine, ilifuta pikapu yake ya umeme mtupu Septemba 2025. Ford nayo inasema Lightning ijayo itakuwa na injini ya kuzalisha umeme njiani.

Walio Dar au Nairobi wasiikimbilie: usukani uko kushoto, na Kenya haisajili magari ya hivyo kwa matumizi ya kawaida. Ya kuifuatilia ni pikapu ya Isuzu D-Max ya umeme, iliyopo kwa usukani wa kulia, uniti 66.9, tani moja ya mzigo na tani 3.5 za tela. Umbali wake rasmi ni kilomita 263, kwa hiyo hesabu ya tela hapo juu inaiuma zaidi.

Ukienda kukagua Lightning, usiamini namba ya kilomita kwenye dashibodi. Inakadiriwa kutokana na uendeshaji wa mtu wa mwisho, haipimi afya ya betri. Chomeka kisomaji cha OBD (kifaa kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari) chenye programu inayoonyesha afya ya betri, na kumbuka dhamana ni miaka 8 au maili 100,000 kwa angalau asilimia 70. Ingiza namba ya chesesi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama wa magari ya Marekani, uone kama kuna marekebisho ya usalama ambayo hayajafanywa. Angalia pia betri ya kawaida ya volti 12. Ikichoka gari hutoa maonyo ya ajabu yanayofanana na ugonjwa mkubwa. Tairi zinalika haraka kwa uzito huu, na zilizobadilishwa kwa za matope hupunguza umbali papo hapo. Chaji kidogo kwenye kituo cha haraka ukiwa na muuzaji, uone inavyoanza na inavyoshika. Mwisho fungua sanduku la mbele: waya wa kuchajia wa Ford na adapta ya Tesla viwepo. Visipokuwepo, bei ishuke kwa thamani yake.