Msitu wa Magamba nausifu, lakini jiko la bibi wa watu si kivutio cha utalii

Mtu mzima na akili zake anaingia jikoni kwa watu bila hodi, kisha anawasha tochi ya simu ili wageni waone vizuri. Hayo nimeyashuhudia kwenye milima ya Usambara, Tanga, mchana kweupe, na aliyeyafanya ni mwongoza watalii tuliyemlipa sisi wenyewe. Kampuni siitaji. Kijiji nacho sikitaji, yule bibi asije akaanza kufuatwa na watu wanaotaka kumwona. Jambo lenyewe nitalisema lote.

Safari tuliuziwa kwa jina la “msitu na vijiji vya asili”: tutembee Magamba, tushuke kwa miguu kwenye vijiji vya Washambaa, tule, turudi Lushoto. Kupanda kutoka Mombo hadi Soni sina cha kulalamika. Kona juu ya kona, mto unanguruma chini, na kabichi zimepandwa kwenye miteremko ambayo mimi hata kusimama tu ningetafuta cha kushika.

Na msituni, jamani, nisiwe mnafiki, nilifurahi sana. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na unaona kabisa kwamba inalindwa. Baridi ile, ukungu unaingia na kutoka kati ya miti mikubwa, mbega wanaruka juu na manyoya yao meupe yamewaning'inia mabegani. Tukamwona pia kinyonga wa pembe mbili, wale wa Usambara Magharibi. Ameng'ang'ania kitawi, jicho moja linatutazama sisi, jingine linaangalia nyuma kwake. Mmoja wetu akanyoosha mkono amtoe apige naye picha. Mwongozaji akamzuia palepale: “Usimguse, anaogopa. Hapa ni kwake.”

Kwa maneno hayo nilimpenda yule kijana. Nilijisemea tumepata mtu.

Njiani kuteremka akatupa historia, na alijua kusimulia. Akatueleza habari za Mbegha, mwindaji anayesemekana kutoka Nguu, aliyefika milimani wakati nguruwe wanamaliza mazao ya watu. Akawaua, nyama akawagawia wenyeji, wakampenda hadi wakamfanya mtawala wao. Uzao wake ndio Wakilindi waliotawala Usambara kutoka Vuga. Mgeni njoo, mwenyeji apone, huo ndio msingi wa ufalme wenyewe! Hata mmisionari Krapf alipopanda milima ile mwaka 1848 alikwenda kwa Kimweri, mwenye nchi. Mtu anayeyajua yote hayo, unatarajia anajua na namna ya kuingia kwenye uwanja wa mtu.

Basi tukafika. Nyumba ya tofali, bati juu, na jiko la udongo pembeni. Yeye alikuwa mbele, hakupunguza hata mwendo. Akainama mlangoni, akaingia, akatuita: “Njooni, njooni, hapa ndiyo mtaona maisha halisi.” Sisi tuko nje tunatazamana. Nilipochungulia, bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage kwenye ungo, kanga moja tu kifuani, jinsi mama yeyote anavyokaa jikoni kwake akijua yuko peke yake. Kijana amewasha tochi anamulika darini, mahindi yanapohifadhiwa juu ya moshi yasiliwe na wadudu, anafafanua kwa sauti kubwa. Mwanga ukishuka unampita bibi usoni. Bibi akafumba macho, mkono mmoja unavuta kanga ifunike mabega, mwingine umeshika ungo maharage yasimwagike.

Shikamoo hakutoa. Mtu ana umri wa mama yake mzazi, pengine wa bibi yake!

Nilipiga hodi palepale mlangoni, ingawa mwenzetu alishakuwa ndani, nikamwamkia. “Marahaba, mjukuu wangu, karibuni,” akajibu, na huku anapapasa kutafuta kigoda kingine ili mgeni akae. Aibu iliyonishika siwezi kuielezea. Tukamwita kijana nje, nikamwambia kaka, umeingia bila hodi, na yule mama hajavaa. Unajua alinijibu nini? “Dada, msijali, hawa wameshazoea wageni.”

Kinyonga anaogopa, bibi amezoea!

Tangu hapo sikuona tena milima. Tulipelekwa kwenye ukingo mmoja ambao nyika yote imetandazwa chini, wenzangu wanapiga picha, mimi nawaza ule mkono unaovuta kanga. Nikawa namsikia yule kijana na kitu kingine ambacho asubuhi kilinipita: kila akisema juu ya wenyeji anasema “hawa watu zamani”, na watu wenyewe wanatupita na mizigo ya majani ya ng'ombe, wana simu mfukoni, wanasikia kila neno. Mpaka makande tuliyopikiwa mchana, matamu kweli, yalinishinda kumaliza.

Kilichonimaliza zaidi ni kwamba kwenye bei tuliyolipa mlikuwa na “mchango wa kijiji”. Kabla hatujaondoka nilimuuliza mjukuu wa yule bibi, binti mdogo wa shule, kama huwa wanaachiwa chochote. Akasema siku nyingine sukari, siku nyingine hakuna. Alisema bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililoniuma. Ukichukua fedha kwa jina la mtu, mpe. Huwezi kumpa, usimtaje kwenye bei.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiende kabisa. Hapana, Magamba nendeni, msitu ule haujamkosea mtu. Vijijini je? Nimebadili mawazo zaidi ya mara moja, na nikimkumbuka bibi natamani watalii wote wapigwe marufuku kukanyaga pale. Lakini yeye mwenyewe alisema karibuni, na alimaanisha, kigoda alikitafuta kweli. Kwa hiyo nitasema hivi: nendeni kwa mtu wa kijiji chenyewe, anayejua nani yuko msibani, nani anaumwa, nani yuko tayari kupokea wageni leo. Kabla hujalipa, iulize kampuni ni nyumba gani inayojua kuwa mnakuja, na inapata nini. Wakianza kuzungukazunguka, fedha yako bado iko mfukoni mwako.

Malalamiko nimewapelekea wenye kampuni. Wamenijibu kwamba wanasikitika kama sikufurahia mandhari, na wamenipa punguzo la safari ijayo. Punguzo silitaki. Nimewaandikia tena kwamba kijana arudi kwa yule bibi, apige hodi, amwombe radhi, na mchango wa siku ile aukabidhi mkononi mwake. Hawajajibu. Wakijibu nitaongeza hapa, kwa uzuri au kwa ubaya.