Uzoefu wangu na atovastatini 20 mg

Naimeza hapa Tanga, kidonge kimoja kwa siku, na naipa nyota nne kati ya tano. Ni dawa ya kushusha kolesteroli, ya kundi la statini, na haisikiki mwilini. Panado ukimeza unajua imefanya kazi au haijafanya. Hii unaweza kuitumia mwaka mzima usihisi lolote, na ukiiacha pia usihisi, huku mafuta yanapanda upya ndani ya wiki chache. Anayesema "nimeiacha na niko sawa tu" hana ushahidi. Ushahidi ni karatasi ya maabara.

Pima kabla ya kuanza, kisha rudia baada ya wiki 4 hadi 12. Usikubali kupewa kolesteroli ya jumla peke yake, namba inayofuatwa ni LDL, yaani kolesteroli mbaya. Miligramu 20 huipunguza kwa takriban asilimia 40, kwa hiyo aliyeanza na 4.2 mmol/L atarajie kukaribia 2.5. Maabara nyingine huandika kwa mg/dL. Gawanya kwa 38.7, usije ukazimia kwa kuona 97, maana ni hiyohiyo 2.5. Aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo kwa kawaida hutakiwa ashuke chini ya 1.8. Asipofika, asijiongezee vidonge: kila dozi inapozidishwa mara mbili, LDL hushuka kwa kama asilimia 6 tu ya ziada, ila madhara yanaongezeka. Hapo daktari anaweza kuongeza dawa ya pili. Na tui zito la kila siku linaipunguzia dawa kazi yake, hilo wakazi wa pwani hatupendi kuambiwa.

Saa ya kumeza haina masharti, ilimradi iwe ileile kila siku, umekula au hujala. Mwezi wa Ramadhani inaingia baada ya futari bila usumbufu. Simvastatini, statini nyingine, ndiyo yenye masharti: huisha mwilini mapema, na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku, kwa hiyo humezwa jioni. Ukisahau atovastatini na zimebaki chini ya saa 12 kufikia dozi inayofuata, ruka. Usimeze viwili kwa pamoja.

Panapoharibika zaidi ni kwenye dawa nyingine. Atovastatini huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4. Ukimeza kitu kinachokizuia, dawa inarundikana kwenye damu na misuli ndiyo inayoumia. Klarithromaisini na erithromaisini, ambazo watu hununua kwa kifua au koo, zimo. Itrakonazoli ya fangasi imo. Baadhi ya dawa za VVU zenye ritonavir zimo pia. Dolutegravir, nayo ya VVU, haina tatizo hilo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, inaidhoofisha statini. Anayetumia amlodipini ya presha pamoja na simvastatini asizidi 20 mg ya simvastatini. Kwa hiyo ukifika dirisha la duka la dawa taja statini yako kabla hujataja kikohozi, kwa sababu muuzaji mwenye foleni hatakuuliza.

Matunda nayo yamo. Machungwa ya Muheza kula utakavyo. Balungi ndilo la kuepuka, na danzi lina kemikali za aina hiyohiyo, kwa hiyo usifanye juisi yake kuwa kinywaji cha kila siku.

Maumivu ya misuli huogopwa kuliko yanavyotokea. Kuuma bega moja baada ya kubeba ndoo si statini. Ya statini mara nyingi ni ya pande zote mbili, mapaja au mabega, yanakuja na uchovu, hasa wiki za mwanzo au dozi ikipandishwa. Mwone daktari apime CK, kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli imeumia. Mara nyingi hupunguza dozi au hubadilisha aina, na mambo yanatulia. Lakini misuli ikilegea na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo, figo ziko hatarini. Mjamzito au anayetafuta mimba amwambie daktari kabla ya kuendelea.

Kwenye kununua, angalizo moja: usikubali kukatiwa vidonge kwa mkasi. Tarehe ya kuisha na namba ya toleo hugongwa kwenye ukingo wa karatasi ya vidonge, na ukingo huo ndio unaobaki dukani. Chukua karatasi nzima, na kila kidonge kibaki mahali pake mpaka saa ya kumeza. Unyevunyevu wa Tanga hauna huruma na vidonge vilivyomwagwa kwenye kopo. Weka chini ya nyuzi 30, mbali na jiko na dirisha la jua.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya sukari. Statini huipandisha kidogo, na aliyekuwa ukingoni mwa kisukari anaweza kuvuka. Kwa mwenye hatari ya moyo faida bado ni kubwa kuliko hilo, ila siku ya kupima mafuta omba wapime na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, haihitaji kufunga kula.