Mafunzo ya siku mbili kuhusu vijana na itikadi kali: siku ya kwanza inapwaya, ya pili inafidia

Walengwa wa mafunzo haya ni watu wanaoshinda na vijana: makocha, walezi wa vituo, washauri nasaha, wasimamizi wa mabweni. Ni saa 14 kwa siku mbili, wakufunzi wawili na washiriki hadi 24. Tangazo linaahidi kumfundisha mhudumu "kutambua dalili mapema", na kwa bahati mbaya dalili ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Siku ya kwanza asubuhi wakufunzi wanaweka msingi vizuri. Wanatenganisha mawazo makali na ukatili: kijana kuikasirikia serikali, kuhama dhehebu au kutaka dunia igeuzwe juu chini si kosa wala si ugonjwa. Baada ya hapo unaletwa mfano wa ngazi wa mwanasaikolojia Fathali Moghaddam wa mwaka 2005, ambapo mtu hupanda kutoka chini, ghorofa moja baada ya nyingine, hadi ya tano, kwenye shambulio lenyewe. Picha hiyo inakaa kichwani haraka, na ndiyo hatari yake, kwa sababu washiriki wanatoka wakiamini kwamba kila anayeonekana "ghorofa ya pili" kesho atakuwa ya tatu. Wanasaikolojia Clark McCauley na Sophia Moskalenko wametenganisha piramidi mbili, ya mawazo na ya vitendo. Wengi wenye mawazo makali hawagusi kitendo chochote, na wapo wanaoingia kwenye kikundi kwa kumfuata rafiki au ndugu, itikadi wanaikuta ndani. Kitini kinalitaja hilo kwa mistari miwili tu, ilhali lilistahili saa nzima.

Kisha inakuja orodha ya dalili 18: kubadili mavazi, kujitenga, kushinda kwenye simu usiku, kuacha michezo. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tatizo. Tuseme katika vijana 1,000 mmoja ndiye anayevutwa kweli, na orodha inamnasa. Kama inakosea kwa vijana 5 tu katika kila 100, utakuwa na karibu 50 walioshukiwa bure kwa ajili ya huyo mmoja. Mkufunzi hafanyi hesabu hii ubaoni. Angeifanya, orodha ingeshuka hadhi mara moja.

Kinachoiokoa siku hiyo ni zoezi la kadi. Kadi ya kwanza: kijana wa miaka 16 ameacha kuja mazoezini, haongei, amebadilisha mavazi. Nusu ya ukumbi inanyoosha mkono kutaka apelekwe kwa wataalamu. Kadi ya pili: baba yake amepoteza kazi, naye anafanya vibarua jioni. Mikono inashuka. Kadi ya tatu: amewakata marafiki wote wa zamani ndani ya wiki mbili, kila swali analijibu kwa sentensi zilezile, anasema "wale si watu", na anawatumia wadogo zake viungo vya video akiwasihi wasimwambie mtu. Hapo ndipo somo linapoeleweka: kinachopimwa ni mabadiliko kadhaa yanayokuja pamoja, ukilinganisha na kijana huyohuyo alivyokuwa zamani. Lugha ya kuwavua wengine ubinadamu ina uzito kuliko kofia yoyote.

Lakini kati ya kadi nane, sita zinahusu dini moja. Hili si dosari ndogo. Chuki ya rangi, ya kabila na ya wanawake huvuta vijana kwa mbinu zilezile: upweke, fedheha, mtu mkarimu wa mtandaoni anayesikiliza saa nane usiku. Mhudumu aliyefundishwa kutazama upande mmoja atampita wa upande wa pili mlangoni, na vijana wa ile dini watanusa ubaguzi kabla hajafungua mdomo.

Siku ya pili ndiyo inayostahili kulipiwa. Washiriki wanakaa watatu watatu: msemaji anayeigiza kijana, msikilizaji anayeigiza mhudumu, na mtazamaji. Dakika 7 za mazungumzo, 3 za maoni, kisha wanabadilishana; mzunguko mmoja unameza nusu saa, na inafanyika mitatu. Karibu kila msikilizaji anaanza kwa kubishana: anatoa aya, anatoa takwimu, anasema "kwa nini unaamini upuuzi huu?" (Ukitaka kijana akunyamazie mwaka mzima, anzia hapo.) Anashindwa kwa sababu kijana aliyepandikizwa ubishi huo ameufanyia mazoezi kuliko yeye. Mkufunzi anamrudisha kwenye maswali mengine: "Ulianza lini kuona hivyo?" "Wakikuambia hayo, wanataka ufanye nini?" Akishauliza, anahesabu kimyakimya hadi tano. Mara nyingi jibu lenye maana hutoka kwenye tano hiyo.

Wanafundisha pia kutoahidi usiri usio na masharti. Kauli inayofanyiwa mazoezi ni: "Tutakayoongea yanabaki hapa, ila maisha ya mtu yakiwa hatarini nitahitaji msaada wa wengine." Inasemwa mwanzoni, kabla kijana hajafunguka, la sivyo atajiona amesalitiwa.

Fomu ya kumbukumbu ni nzuri mno. Ina safu mbili tu: nilichoona au kusikia, kwa maneno ya kijana mwenyewe na saa yake, na ninachodhani. Inamfikia msimamizi siku hiyohiyo. Silaha, shabaha iliyotajwa, tarehe au safari iliyopangwa haisubiri fomu, ni kupiga simu polisi papo hapo. Tatizo liko ukurasa unaofuata, wa namba za mawasiliano: unatolewa mtupu. Asasi isipoujaza kabla ya mafunzo, mhudumu atakuwa amejifunza kutambua bila kujua ampeleke nani.

Mambo mawili yaondolewe. Moja ni video halisi ya propaganda ya dakika nne. Picha tuli zilizofutwa majina na nembo zinatosha, bila kuwasaidia wenye propaganda kujitangaza. La pili ni dodoso la kufungia, linalouliza "unajiamini kiasi gani sasa?" Kujiamini hupanda hata baada ya mafunzo mabovu. Wangewapa washiriki kadi mpya nne kabla na nne baada, wakahesabu wangapi wameshuku bure.

Anayetaka kuagiza apunguze washiriki hadi 15, adai kadi zenye itikadi angalau tatu tofauti, na aombe kikao cha saa mbili baada ya wiki sita, maana kesi za kweli hujitokeza kipindi hicho. Saa zikibana, ikatwe orodha ya dalili, mazoezi ya watatu watatu yasiguswe.