Upimaji wa afya kwa abiria wa meli, Kagera hadi Mwanza: wapimaji safi, suala la nauli bado

Nauza ndizi Mwaloni, Kirumba, na mzigo wangu hutoka Bukoba kwa meli ya usiku. Kwa hiyo kipindi cha Marburg, ile homa kali ya virusi inayoua, mwaka 2023 nilipita kwenye meza ya upimaji kila nilipofuata mzigo. Wale waliokuwa wakitupima nawapa sifa zote. Kilichoniudhi ni mambo yanayowazunguka, na naandika sasa kwa sababu ugonjwa ulirudi Kagera, safari hii Biharamulo, Januari 2025. Ukirudi tena, foleni ile itatukuta wenyewe.

Kabla ya geti waliweka ndoo zenye koki, maji yenye dawa na sabuni. Ukishanawa unasogea mezani, na dada wa afya aliyevaa barakoa na glovu anakuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso bila kukugusa. Siku moja kilinisoma 34.9. Angetaka kumaliza foleni haraka angeniruhusu, maana kinachotafutwa ni joto lililopanda. Lakini akaniambia, "Mama, upepo wa ziwa umekupoza na una jasho. Kaa humu ndani kidogo." Nikakaa kwenye benchi, nikajifuta uso kwa khanga, akanipima tena: 36.7. Akaandika hiyo ya pili. Huyo ni mtu anayeijua kazi yake, na nilimwambia hivyo hivyo.

Hata hivyo, kipimajoto pekee hakitoshi. Mtu aliyeambukizwa Marburg anaweza kukaa siku 2 hadi 21 kabla hajaanza kuumwa, kwa hiyo aliyeambukizwa juzi anapita getini akiwa na joto la kawaida kabisa. Ndiyo maana nilifurahi zaidi na maswali. Wiki tatu hizi umelala wapi? Umeuguza mtu? Umeosha maiti au umeshiriki mazishi? Umeingia pango lenye popo? Mwanza unafikia mtaa gani, na namba ya ndugu yako ni ipi? Watu walinung'unika kwamba wanachelewa. Mimi sikunung'unika, maana abiria akiugua baada ya kushuka, daftari lile ndilo litakalowaonyesha wa kumpigia simu.

Mbele yangu alikuwepo babu mmoja aliyesema ametoka kumzika dada yake. Nilidhani watamfokea au watakimbia. Yule dada akamwambia, "Pole sana, babu," akampa kiti pembeni, akamuuliza taratibu marehemu aliumwa nini na nani alimuuguza, kisha akampigia simu daktari. Babu alijibu yote. Angekemewa angenyamaza, na anayefuata nyuma yake angesema hajawahi kufika msibani maisha yake yote.

Sasa malalamiko. Bandari yenyewe siitaji. Abiria wa daraja la kwanza niliwaona wakipitishwa mlango wa pembeni, hakuna ndoo wala swali. Meli ni nyumba moja, jamani. Mwaka 2020 tulisikia habari za Diamond Princess, meli ya kitalii iliyozuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 wakakutwa na corona. Najua corona huenda kwa hewa, na Marburg huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Lakini mgonjwa akitapika usiku katikati ya ziwa, wahudumu wanaompelekea chai wa juu ndio hao hao wanaopita kwetu chini.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Nilimuuliza mkata tiketi: nikikutwa na homa, nauli yangu inarudi? Mikungu yangu iliyo gatini nani anaitunza? Hakuwa na jibu, wala aliyekuwa juu yake hakuwa nalo. Ndizi zikikaa siku mbili juani mtaji umekwenda. Mimi nilisikia kwa masikio yangu mtu akimshauri mwenzake ameze panadol kwanza ndipo aje kupanga foleni. Hiyo inashusha homa na kukificha kile kile kinachotafutwa. Bango moja tu lingetosha: ukizuiwa kwa sababu ya afya, nauli unarudishiwa au tiketi inahamia safari ijayo. Daktari apime, na mwenye meli naye atimize sehemu yake.

Mlipuko ule wa 2023 ulitangazwa Machi 21 na kutangazwa umekwisha Juni 2. Wagonjwa walikuwa 9, wakafa 6, na miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo wahudumu wa afya. Nikikumbuka hilo, siwezi kumlaumu dada yule kwa kunichelewesha.

Wapimaji nawapa nyota tano, utaratibu wa tiketi na mizigo nyota mbili. Kama utasafiri wakati wa mlipuko, fika mapema, beba kitambulisho, na ukiwa na homa usitoke nyumbani: piga 199, ni bure. Na mwambie kuli asipakie mzigo wako mpaka wewe mwenyewe umeshapimwa na kuruhusiwa, maana kuushusha tena utalipa mara ya pili.