Maturubai ya kuziba paa nyumba ikiezuliwa mnaishi ndani: yanayouzwa Kigoma mjini, na alama tunazoyapa

Familia nyingi za Mwanga, Gungu na Ujiji hubadilisha paa bila kuhama. Ukishalipia mabati, mbao na fundi, kodi ya nyumba nyingine haiingii kwenye hesabu. Kwa hiyo chumba kimoja kinaezuliwa, watu wanasogea cha pili. Inawezekana kabisa kuishi hivyo, mradi usiku unapoingia sehemu iliyo wazi imezibwa na kitu kinachostahimili mvua na upepo wa ziwani. Kazi iliyopangwa Agosti ikichelewa hadi Oktoba, mvua za Kigoma zimeshaanza na hazitaisha mpaka Aprili au Mei. Hapo turubai ndilo paa lenu.

Madukani utakuta aina nne, na rangi haikuambii kitu. Pima uzito. Omba turubai la mita 4 kwa 6 liwekwe kwenye mizani, hata ya duka la nafaka la jirani. Eneo lake ni mita za mraba 24. Likiwa na kilo 2 na nusu hivi, ni la gramu 100 kwa mita ya mraba, yaani jepesi. Likikaribia kilo 5, ni la gramu 200, na hilo ndilo la kuishi chini yake. Kipimo hicho si cha kubahatisha: maturubai meupe ya makambi ya wakimbizi, ambayo watu wa Kasulu na Kibondo wanayajua vizuri, hutengenezwa kwa uzito wa karibu gramu 200 kwa sababu familia hulala chini yake kwa miezi. Hayo ni ya msaada, si ya kuuziwa, ila yatumie kama kielelezo cha ubora.

Turubai jepesi la bluu: alama 2 kati ya 5. Linafaa kufunika mchanga, saruji na magodoro. Juu ya paa lina udhaifu wa aina tatu. Nyuzi zake huoza kwa jua, na baada ya miezi michache ukilikunja linapasuka kwenye mikunjo. Pete za matundu yake ni laini na hung'oka pembeni upepo ukivuta. Na tabaka la juu ni jembamba mno: likunje kwa nguvu, likwaruze kwa ukucha pale kwenye mkunjo, halafu liinue kwenye jua. Ukiona vitone vya mwanga, mvua nayo itaviona.

Turubai zito, gramu 180 hadi 200: alama 4 na nusu. Hata likiuzwa mara mbili ya jepesi, nunua hili. Chagua lenye ukingo uliokunjwa ukazungushiwa kamba ndani, matundu kila mita 1, na upande mmoja mweupe au wa fedha wa kuelekeza juu ili joto la mchana lipungue. Nusu alama imepotea kwa sababu ya vipimo. Kilichoandikwa 4 kwa 6 mara nyingi kimepimwa kabla ya kukunjwa ukingo, hivyo hupungua sentimita 10 hadi 20 kila upande. Lipime dukani kwa futi kamba kabla ya kulipa. Sentimita 15 zikipungua kwenye kofia ya paa (kilele ambapo pande mbili zinakutana), maji yanaingia.

Turubai la lori: alama 3. Halipitishi maji, lakini la mita 4 kwa 6 hufika kilo 14 au zaidi, na kulipandisha juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) jioni mawingu yakiwa yameshakusanyika ni hatari kwa mafundi. Ukiweza kuliazima kwa kazi fupi, sawa.

Nailoni nyeusi ya ujenzi, geji 1000 (kipimo cha unene): alama 1 juu ya paa, alama 5 ndani ya nyumba. Haina nyuzi, kwa hiyo tundu moja la msumari likivutwa na upepo huwa mpasuko wa mita nzima. Ndani ni habari nyingine, tutaifikia.

Sasa kulifunga, maana turubai zuri lililofungwa vibaya ni hasara tupu. Asubuhi ezua kile tu kitakachoezekwa kabla ya saa tisa alasiri. Kabla ya kutandaza, gonga au ng'oa misumari yote iliyobaki kwenye papi (mbao nyembamba zinazopigiliwa mabati), na vichwa vya mbao vilivyochongoka vifunge kwa salfeti kuukuu. Turubai livuke kofia ya paa na kulala upande wa pili angalau mita 1. Ukitumia mawili, la juu lilalie la chini sentimita 60 kufuata mteremko, kama mabati yanavyopandana.

Usipige msumari moja kwa moja kwenye turubai. Chukua papi, zungusha ukingo wa turubai mara tatu, kisha gongomea papi hiyo kwenye kenchi. Nguvu ya upepo inagawanyika kwenye ubao mzima badala ya kukaa kwenye tundu moja. Kwenye matundu yanayobaki, funga kwanza kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, halafu ndipo kamba ya manila. Mpira unanyumbuka upepo unapopiga. Kamba peke yake inang'oa pete. Na tafadhali, hakuna tofali wala jiwe la kukandamizia juu. Turubai likipigwa na upepo usiku, tofali hilo linashuka chumbani, na waliolala chini ni watoto.

Kinachoangusha vifuniko vingi ni bwawa. Turubai likibonyea katikati ya kenchi, maji yanakusanyika, yanazidi kulibonyeza, na yanazidi kukusanyika. Shimo la mita 2 kwa 1 na nusu lenye kina cha wastani cha sentimita 10 ni lita 300, yaani kilo 300: mifuko sita ya saruji inaning'inia juu ya kitanda. Mvua ya milimita 40 juu ya turubai la mita za mraba 24 huleta lita 960, kwa hiyo shimo hilo hujaa haraka. Kama kenchi zipo, tandaza papi za muda kila sentimita 60 chini ya turubai. Kama kenchi zimeshushwa, simamisha mirunda (miti ya kuegemeza) ya katikati na mrunda mmoja wa kulala juu yake, ili turubai lishuke pande mbili, mita 1 kwa kila mita 3 angalau. Turubai liwe na mteremko, lisiwe tambarare hata kidogo. Kwa nyumba za miteremkoni, chimba mfereji mdogo upande wa juu, kwa kuwa maji ya turubai hayana mfereji wa bati wa kuyapeleka mbali na ukuta, na ukuta wa tofali mbichi hulowa kuanzia chini.

Turudi kwenye nailoni. Dari ikishatolewa, vumbi halizuiwi na mlango uliofungwa. Kuta nyingi zinaishia kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), na juu yake ni uwazi unaounganisha vyumba vyote. Vumbi la plasta na la grenda hupita huko na kushuka kitandani. Kwa hiyo dari ya chumba cha kulala iwe ya mwisho kung'olewa. Ikishatoka, tandika nailoni chini ya kenchi, ishikwe kwa vipande vyembamba vya mbao na misumari ya inchi moja. Mlangoni weka vipande viwili vinavyopandana sentimita 60, chini vibaki sentimita 30 sakafuni vikikandamizwa kwa vifuko vya mchanga. Mwagia maji kabla ya kufagia. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini la saruji. Anayekata tofali avae barakoa ya N95, inayochuja vumbi laini.

Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote: turubai na nailoni ni plastiki, huyeyuka kwenye nyuzi joto 110 hadi 130, na jiko la mkaa halitakiwi chini yake wala ndani ya chumba kilichozibwa. Gesi ya mkaa huua bila harufu. Jenga kibanda cha jikoni nje kwa mabati yale ya zamani yaliyoshushwa, wazi pande mbili. Juu ya kuta acha nafasi za hewa na uzibe kwa wavu wa mbu, la sivyo alfajiri turubai litadondosha jasho kitandani. Vyandarua vibaki vimefungwa muda wote, maana paa lililo wazi ni mlango wa mbu.

Kama paa la zamani ni la asbesto, hakuna turubai litakalowasaidia. Familia ihame mpaka vipande vyote vitolewe bila kuvunjwavunjwa.

Kazi ikiisha, osha turubai zito, likauke pande zote, likunje na ulitundike mbali na panya. Nailoni isiyotobolewa itandike chini ya zege la sakafu. Iliyotobolewa kwa misumari isiende huko, kwa kuwa unyevu wa ardhini utapanda kupitia matundu yale yale.