TAHADHARI KWA WATU WA RIGI (mitambo ya mafuta baharini): "Rifresha" ya helikopta kwenye bwawa la hoteli ni utapeli mtupu

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa na hasira na aibu. Wiki tatu nimekaa nalo moyoni, hata mama watoto sikumwambia mpaka juzi. Nimepigwa. Shilingi 1,400,000 zimekwenda, na ile safari yangu ya kazi ya Abu Dhabi imeota mbawa.

Wa karibu mnajua cheti changu cha BOSIET, yaani mafunzo ya usalama ya kwenda rigi (kujiokoa kwenye helikopta iliyoanguka majini, kuzima moto), kilikuwa kinaisha tarehe 9 Machi. BOSIET inaishi miaka 4. Ukiwahi kabla haijafa unafanya FOET, ndiyo rifresha yenyewe ya kukihuisha cheti, siku 1 tu, unarudi kazini. Ukichelewa unaanza upya, BOSIET nzima siku 3 na gharama zake zote. Kwa hiyo Februari yote nilikuwa nahesabu siku. Dubai nafasi ilikuwepo, lakini ukijumlisha tiketi, viza na pa kulala, mshahara wa mwezi unaisha kabla hujagusa maji. Ndipo yule fomeni wetu wa zamani akanipa namba ya huyu bwana anayeuza hiyo rifresha.

Najua wapo watakaosema nilipenda bei rahisi. Sikilizeni kwanza. Namba nimepewa na mtu aliyenifundisha kufunga mzigo wa kreni, mtu ninayemwamkia shikamoo. Na huyo bwana mwenyewe anaijua kazi. Alinipigia akaanza kutaja kina na upepo, akauliza bado napanda kwa zamu ya wiki 4 kwa 4, akaulizia watu wa kambini kwa majina yao. Alipojua mke wangu ni wa Muheza akaanza kuniita shemeji. Akasema nadharia nitasoma kwenye simu, vitendo nitafanya Dar. Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu jambo hilo lipo kweli: OPITO, wale wanaosimamia viwango vya kozi hizi, wanaruhusu nadharia isomwe kwa mtandao, halafu vitendo ukavifanye kituoni. Nikatuma kianzio 700,000 usiku uleule.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukakutana hotelini, upande wa Kigamboni. Tulikuwa watu 11. Bwawa ni la wageni wa hoteli, na upande wa pili palikuwa na watoto wanaogelea na maboya ya bata. Pembeni wameweka kitu walichokiita helikopta: viti viwili vya chuma vilivyochomelewa kwenye fremu ya mabomba, vimepakwa rangi ya chungwa, na mikanda ambayo nina hakika imetoka kwenye Coaster. Dirisha hakuna. Mlango hakuna. Vijana wawili wanaiburuta mpaka maji ya kifuani, unakaa, unajifunga, wanakupindua, unajifungua, unasimama. Sekunde nne. Mkufunzi anapiga makofi, anaita anayefuata.

Nilimuuliza, "Mbona hakuna kreni?" Akaniwekea mkono begani: "Shemeji, hii ni rifresha. Mwili wako unakumbuka. Kreni ni ya wageni wa kazi." Na mimi nikaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kwa sababu mimi ile ya kweli nimeifanya. Nimewahi kufungwa kwenye kibanda cha mfano wa helikopta kinachoning'inia juu ya bwawa, kikashushwa na kreni, maji yakapanda magotini, kiunoni, shingoni, kisha kikageuzwa juu chini nikiwa ndani. Mkono mmoja kwenye ukingo wa dirisha, usiuachie, maana gizani ndio unaokuonyesha pa kutokea. Mwingine kwenye kifungio cha mkanda, na hufungui mpaka mzunguko umekoma. Pua inajaa maji, unasukuma dirisha, unatoka. Wazamiaji wa uokoaji wako majini wanakutazama muda wote. Mtu aliyepita pale hasahau. Mimi nilijua, na bado nikaitikia.

Kifaa cha kupumulia chini ya maji kilikuwepo kimoja kwa watu 11. Nilikishika kifuani, nikapigwa picha, nikampa aliyekuwa nyuma yangu. Hakikuwa na hewa, mshale wa geji ulikuwa umelala kwenye sifuri. Moto hatukuzima, moshi hatukuuona. Saa sita mchana tumekula pilau, tumesaini, nikamalizia 700,000 iliyobaki. Cheti kikaja kwa WhatsApp Jumatatu, kina nembo, kina namba, kizuri kuliko kile changu cha zamani.

Ofisi ya mwajiri Abu Dhabi walikiangalia kwa dakika chache tu. Namba ile ni ya mtu mwingine, aliyesoma kituo kingine. Wakaniuliza kwa maandishi cheti nimekipata wapi, na mkataba wakausimamisha. Wakati huo tarehe 9 ilikuwa imeshapita. Sasa nadaiwa BOSIET nzima, na jina langu limeandikwa mahali kama mtu wa vyeti feki, mimi niliyefanya kazi miaka 8 bila hata onyo moja.

Kinachoniunguza zaidi ya hela ni hiki. Helikopta ikigonga maji mara nyingi hupinduka, kwa sababu injini na giaboksi viko juu. Kozi ya kwanza tulifundishwa habari ya Sumburgh, Shetland, tarehe 23 Agosti 2013: Super Puma yenye watu 18 ilianguka baharini ikapinduka, 4 wakafa. Baada ya pale ndipo Uingereza wakakaza masharti ya vifaa vya kupumulia. Halafu mtu na akili zake anachukua hela ya baba wa watoto, anampindua kwenye kiti cha bomba, anampa karatasi ya kupandia helikopta! Kijana akiiba simu Kariakoo anafikishwa mahakamani. Huyu anatembea, na wiki iliyopita ametangaza darasa jingine. Akamatwe. Afungwe. Arudishe hela ya kila mtu, na vile viti vipelekwe mahakamani watu wavione. Na hoteli iliyomkodisha bwawa iulizwe.

Dalili, kwa ambao hamjanaswa: hakutaka kuona cheti changu cha zamani, wakati FOET haifanyiki bila hicho. Hakuuliza cha daktari. Pesa ilikwenda kwenye namba binafsi, jina la mwanamke. Kituo chake hakimo kwenye orodha ya OPITO, ambayo iko wazi kwenye tovuti yao na sikuifungua. Amebadilisha laini, ila sauti ni ileile na bado anaita watu shemeji. Fomeni naye anasema hakujua, mimi namwachia Mungu.

RB ninayo, polisi narudi Jumatatu. Wanne kati ya wale 11 tumeshawasiliana. Nasikia wawili wamepita na vyeti hivyo na wako njiani kwenda kazini. Wewe kijana wa Lindi uliyekuwa nyuma yangu, uliyesema ni mara yako ya kwanza na hujui kuogelea vizuri, ukiona hapa nipigie kabla hujapanda. Namba yangu ni ileile niliyokuandikia kwenye pakiti ya sigara.