Kidike, Pemba: nendeni alasiri, na dereva mwambieni asipige makofi

Kati ya sehemu zote nilizompeleka mwanangu Pemba likizo hii, Kidike ndiyo iliyonifanya nisiionee uchungu nauli ya boti. Hapo ndipo wanapolala popo wa Pemba, ambao duniani kote hawapatikani kwengine. Kiingilio mnalipa hapo hapo kijijini, na kijana wa pale anawatembeza.

Msifikirie vile vipopo vya darini. Hawa wakikunjua mbawa ni karibu mita moja na nusu, kifua rangi ya kutu, sura ya kimbwa kabisa. Mchana kutwa wananing'inia juu mitini, wanajipepea kwa bawa moja, wanazozana. Kuna jike alikuwa kamfumbata mtoto kifuani, kamfunika gubigubi, mara kikachomoza kichwa kutuangalia.

Mwongozaji wetu nampa nyota zote. Hakutusomea hotuba. Aliokota kapi la tunda chini ya mti, limetafunwa limebaki nyuzi tupu, akatuonesha: popo hukamua maji yake, nyuzi akazitema, mbegu ndogo alizomeza akaenda kuzidondosha mbali. Mwanangu akauliza kama nao wanajua njia kwa mwangwi, kama walivyofundishwa skuli. Hapana, hawa wanakwenda kwa macho na pua. Darubini mkiwa nayo mtayaona hayo macho, makubwa hasa.

Tukaambiwa pia kwa nini mji ule unawalinda. Zamani waliliwa sana, kwa ulimbo, nyavu na bunduki, na misitu nayo ikakatwa, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 wakawa karibu kumalizika. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mimba, kwa hiyo wakipungua kurudi ni kazi. Mwaka 1996 waliingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Elimu na vikundi vya vijijini vikafanya kazi yake, na sasa wanahesabiwa kwa maelfu. Hatari haijesha, ila imepungua.

Kero yangu ni dereva tuliyemkodi mjini. Tumefika tu, akapiga makofi ili waruke tupate picha! Kijana akamwahi: "Mjomba, tafadhali, wamelala." Wakikurupushwa mchana wanapoteza nguvu bure, na kitoto kinaweza kudondoka. Nasikia wageni wengine huwaomba madereva wenyewe wafanye hivyo. Picha gani hiyo?

Wauza safari watawapangia asubuhi. Kataeni, fikeni kwenye saa kumi mkae mpaka magharibi, wanapoondoka makundi kwa makundi kwenda kutafuta matunda. Gari za Chake na Wete huteremsha njia panda, kisha mnatembea baina ya mikarafuu. Wakati wa mvua vaeni viatu vya kukanyagia tope. Na kofia, jamani, msisahau. Walio juu hawachagui pa kujisaidia.